Jibu kwa msomaji: Kwanini India wamefika mwezini lakini injini ya ndege ya kivita bado inawashinda

Msomaji mmoja ameniuliza hivi: "Mkuu, India 2023 wametua mwezini, nyuklia wanayo, makombora wanatengeneza wenyewe, sasa iweje hii ndege yao ya kivita ya Tejas imewachukua miaka 40 na bado jeshi lao la anga linalia halina ndege? Na kwa mtazamo wako waweke nguvu wapi kwanza? Halafu nchi zetu za Afrika zinaweza kununua ndege zao?"

Asante kwa swali mkuu, ngoja nilijibu kwa urefu maana wengi wanalimaliza kirahisi sana, wanasema urasimu, uzembe, basi. Urasimu upo kweli na nitaufikia. Ila mimi kazi yangu ya kila siku ni injini za ndege, na nikiutazama huu mradi kutokea upande huo naona kitu kimoja kinajirudia tangu miaka ya 60 mpaka leo: Wahindi bodi ya ndege wanaiweza, kompyuta zake wanaziweza, injini yake ndio haijawahi kuwa yao. Ukishalishika hilo, karibu kila ucheleweshaji unaousikia unaelewa umetokea wapi.

Tuanze na hilo la mwezini. Chandrayaan-3 ilitua tarehe 23 Agosti 2023 na ni kazi kubwa sana, hakuna wa kuwanyang'anya hiyo. Lakini injini ya roketi inawaka dakika chache tu kisha inatupwa, imemaliza kazi. Injini ya ndege ya kivita inawashwa asubuhi, inazimwa, inawashwa tena mchana, rubani anasukuma nguvu yote ghafla halafu anaiondoa ghafla, inameza vumbi la Rajasthan, inameza ndege wa porini, na bado unaitaka ifanye hivyo saa elfu kadhaa, iwe nyepesi, na isimzimikie mtu angani. Hata hiyo injini ya Vikas ambayo imebeba roketi zao miaka mingi, mzizi wake ni teknolojia ya Viking waliyoipata kwa Wafaransa miaka ya 70, wakaikuza taratibu mpaka ikawa yao kabisa. Kwenye injini za ndege safari ya namna hiyo haikukamilika.

Ngoja nikuonyeshe ugumu wenyewe ulipo. Tukikagua injini tunapitisha kamera ya waya mwembamba ndani, kupitia vitundu maalum, mpaka unafika kwenye bledi za turbini, yaani yale mapanga madogo yanayozungushwa na gesi ya moto, zile za kwanza kabisa nyuma ya chemba ya moto. Bledi moja ni ndogo, inaenea kiganjani, ina vitundu vidogo vidogo usoni kama imechomwa sindano. Gesi inayoipiga kwenye injini za kisasa inaweza kupita nyuzi 1,500 za sentigredi, na aloi ya nikeli iliyotengenezewa hiyo bledi inaanza kuyeyuka kwenye 1,300 na kitu. Yaani chuma kinafanya kazi ndani ya moto ambao kwa kawaida ungekiyeyusha, huku kinazunguka maelfu ya mara kwa dakika na nguvu ya mzunguko inakivuta kama inataka kukichomoa. Kinachokiokoa ni hewa inayopita ndani yake kwenye vinjia vidogo na kutokea kwenye vile vitundu, inatandaza utando mwembamba wa ubaridi juu ya uso, pamoja na rangi maalum ya kauri. Na chuma chenyewe kinamwagwa kwa namna ya ajabu: aloi inayeyushwa kwenye tanuru lisilo na hewa, inamiminwa kwenye kalibu la kauri, halafu kalibu linashushwa polepole sana kutoka kwenye joto, chini pana kijinjia kilichojipinda ambacho kinaruhusu punje moja tu ya fuwele ipande juu, mpaka bledi nzima inakuwa fuwele moja isiyo na maungio ndani. Maungio ndio sehemu ambayo chuma kinaanza kuvutika na kupasuka kwenye joto.

Fomula ya hiyo aloi, kasi ya kushusha kalibu, namna ya kuondoa kauri iliyobaki ndani bila kuharibu vinjia, hivyo vitu hauuziwi. Marekani hawauzi, Waingereza hawauzi, Wafaransa hawauzi, Warusi nao hawauzi. India wanaunganisha injini za Kirusi za AL-31FP za Sukhoi kule Koraput, Odisha, kwa leseni, na Septemba 2024 walisaini mkataba wa injini 240 zaidi, lakini kuunganisha kwa leseni kwa miaka yote hiyo hakujawapa injini yao wenyewe ya ndege ya kivita. Kwa helikopta wamepiga hatua, Aprili 2021 shirika lao la utafiti wa kijeshi, DRDO, lilitangaza kwamba maabara yake ya Hyderabad imemwaga bledi za fuwele moja na kuipa HAL, kampuni ya serikali inayounda ndege, bledi 60 kwa ajili ya injini ya helikopta. Hiyo habari watu wengi hata hawakuiona, mimi naihesabu ni kubwa kuliko maonyesho kumi ya ndege kupaa na moshi wa rangi.

Sasa turudi nyuma kidogo maana hii sio mara ya kwanza. Mwaka 1956 India walimchukua Mjerumani Kurt Tank, yule aliyebuni Focke-Wulf 190 ya vita vya pili, akawabunia ndege inaitwa HF-24 Marut. Ikaruka Juni 1961. Kwa nchi iliyopata uhuru 1947 hiyo ni kazi ya kuheshimika, ndege nzuri, imenyooka, ilibuniwa kwenda kasi kuliko sauti. Ila injini iliyotarajiwa, aina ya Orpheus yenye nguvu zaidi ya Kiingereza, haikukamilishwa, wenye kiwanda waliiacha na India hawakutoa hela ya kuiendeleza, ndege ikabaki na injini ndogo ambayo haikuifaa. Wakahangaika mpaka Misri, na hapa kuna Afrika yetu, maana Misri enzi za Nasser walikuwa wanatengeneza injini yao ya E-300 pale Helwan wakiwa na mtaalamu wa Austria, Ferdinand Brandner, Marut moja ikapelekwa kule kufungiwa hiyo injini na ikaruka nayo, mradi ukafa mwishoni mwa miaka ya 60. Marut zikatengenezwa 147, zikapigana vita ya 1971, kisha zikastaafu bila kupata injini iliyozistahili. Na baya zaidi kwa maoni yangu ni kilichofuata, hawakuanza mradi mwingine wa ndege ya kivita papo hapo, ile timu ya wabunifu ikazeeka, wengine wakastaafu, na ujuzi wa aina hii unakaa kwenye vichwa vya watu na mikono yao kuliko kwenye makaratasi.

Kwa hiyo mwaka 1984 walipounda shirika la ADA pale Bengaluru kusimamia Tejas, walikuwa wanaanza karibu na sifuri, na wakajiwekea mambo mengi magumu kwa mpigo mmoja: bodi ya nyuzi za kaboni, ndege isiyo na utulivu kwa asili yake inayoongozwa na kompyuta nne zinazokagulizana, rada yao, injini yao. Kila moja peke yake ni mradi wa miaka. Wamarekani wa Lockheed Martin walikuwa wanawasaidia kwenye programu ya kuongozea ndege, halafu Mei 1998 India wakalipua nyuklia pale Pokhran, vikwazo vikashuka, mainjinia wao waliokuwa Marekani wakarudishwa nyumbani na vifaa vikazuiliwa. Wakaimalizia wenyewe. Tarehe 4 Januari 2001 Wing Commander Rajiv Kothiyal akairusha ndege ya kwanza, na kwenye majaribio yote yaliyofuata, maelfu ya safari kwa miaka mingi, hawakupoteza ndege hata moja. Mtu anayeidharau Tejas aanze kwa kulijua hilo, maana hiyo programu ya kompyuta ndio kitu kilichoangusha ndege za majaribio za mataifa makubwa kabisa.

Jeshi la anga nalo halikuwa rafiki wa mradi. Lilibadilisha mahitaji katikati, mfano kombora dogo la R-60 likabadilishwa kuwa R-73 ambalo ni zito, bawa likabidi liimarishwe, uzito ukaongezeka. Halafu likaagiza ndege 20 mwaka 2006 na 20 nyingine 2010. Kwa oda ya namna hiyo kiwanda gani kitawekeza? Mzabuni wa vipuri hawezi kununua mashine ya mamilioni kwa ajili ya ndege 20. Kikosi cha kwanza kikaanza Julai 2016, idhini kamili ya kupigana ikaja Februari 2019. Hapo miaka 35 imepita.

Na injini? Injini yao iliitwa Kaveri, ikaidhinishwa 1989 chini ya maabara ya GTRE, hapo hapo Bengaluru. Wabunifu walifika mbali, wameiwasha maelfu ya saa, 2010 waliipandisha angani Urusi ikiwa imefungwa kwenye ndege kubwa ya Il-76, kwa sababu nyumbani hawakuwa na ndege ya kufanyia majaribio ya injini wala chumba cha kuigiza hewa ya juu. Hebu fikiria unatengeneza injini na kila ukitaka kujua inafanyaje kwenye mwinuko mkubwa unaomba foleni kwenye nchi ya watu, unasafirisha mzigo, unasubiri. Injini ikatoka nzito kuliko mpango na nguvu yake ikabaki kwenye kilonyutoni (kipimo cha msukumo wa injini) 70 na kitu wakati jeshi linataka 90. Mwaka 2008 ikatengwa rasmi na Tejas, na ndege ikabaki na F404 ya Kimarekani ya General Electric ambayo mwanzoni iliwekwa ya muda tu.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hapa methali imetimia herufi kwa herufi. Februari 2021 India waliagiza Tejas Mk1A 83 kwa zaidi ya rupia bilioni 460, toleo lenye rada bora na mfumo wa kuvuruga rada za adui. Ya kwanza ilitakiwa ikabidhiwe Machi 2024. Injini 99 ziliagizwa Agosti 2021, lakini General Electric ile laini ya F404-IN20 ilikuwa imelala miaka mitano baada ya oda ya kwanza kwisha, wakalazimika kuifufua upya pamoja na wazabuni wake, injini ya kwanza ikatoka Machi 2025. HAL kwa wakati huo wana mabodi yamekamilika yamepanga foleni hangani hayana moyo. Kusema ukweli kosa sio la Wamarekani peke yao, kulikuwa na kazi ya programu na makombora ya kuthibitisha pia, na Mkuu wa Jeshi la Anga A.P. Singh alisema hadharani 2025 kwamba hakumbuki mradi hata mmoja uliokamilika kwa wakati. Septemba 2025 wakaagiza nyingine 97, oda ya rupia bilioni 624 hivi, na Novemba injini 113 zaidi. Mwaka 2025 ukaisha jeshi halijapokea hata Mk1A moja.

Na huko nje muda hausubiri. Tarehe 26 Septemba 2025 MiG-21 za mwisho zilistaafishwa pale Chandigarh baada ya kutumika tangu 1963, vikosi vikabaki 29 wakati vinavyoidhinishwa ni 42. Mei 2025 walipigana na Pakistan, Mkuu wa Majeshi yao Anil Chauhan akakiri kule Singapore kwamba walipoteza ndege japo hakutaja idadi, na upande wa pili walikuwa na J-10C za Kichina. China wenyewe wameshakuwa na J-20, ndege ya kivita ya kukwepa rada, kwa miaka kadhaa. Halafu Novemba 21 Tejas ikaanguka kwenye maonyesho ya Dubai mbele ya watu, rubani Wing Commander Namansh Syal akafariki. Ilikuwa ya pili kuanguka, ya kwanza ilikuwa Machi 2024 karibu na Jaisalmer ambapo rubani alijirusha akapona. Ndege mbili kwa muda wote huo ni rekodi nzuri kwa ndege ya injini moja, lakini kwa familia ya rubani takwimu haina maana yoyote, na kwa mradi inatakiwa majibu ya uchunguzi yatolewe wazi.

Sasa waweke nguvu wapi. Kwa maoni yangu la kwanza ni kutoa Mk1A kwa wingi, hata kama sio ndege ya kuvutia. Wana laini mbili Bengaluru na ya tatu Nashik iliyotoa ndege yake ya kwanza Oktoba 2025, lengo ni kufika 24 kwa mwaka. Kitu kinachonipa matumaini hapa ni kwamba HAL wameanza kugawa kazi, mabawa yanatengenezwa na L&T kule Coimbatore, sehemu ya katikati ya bodi VEM wa Hyderabad, mkia wa bodi kampuni ya Alpha Tocol. Miaka yote HAL ilitaka kufanya kila kitu yenyewe na ndio maana ilikuwa inatoa ndege moja moja. Ndege 180 za Mk1A zikitoka kwa spidi ya maana, pengo la MiG-21 linazibika, na kiwanda kinajifunza kazi ambayo huwezi kuisoma chuoni.

La pili ni injini, na hapa wasirudie ya Kaveri. Mpango wa sasa una sehemu mbili. Kuna F414 ya General Electric yenye kilonyutoni 98, ambayo makubaliano ya kuitengeneza ndani ya India yalitangazwa Juni 2023 Modi alipokwenda Washington, hii ni kwa ajili ya Tejas Mk2 na zile za mwanzo za AMCA, ndege yao nyingine ya kivita ambayo bado inabuniwa. Halafu Agosti 2025 waziri wa ulinzi Rajnath Singh akatangaza kwamba wanakwenda na Safran wa Ufaransa kubuni injini mpya ya daraja la kilonyutoni 120 kwa AMCA za baadaye, haki miliki ikae India. Mimi huu wa Safran ndio ninaoutazama kuliko yote, kwa sababu ukiacha maneno ya makubaliano, ni nafasi ya kwanza ya kukaa meza moja na watu wanaojua kwanini bledi inapasuka na kuwauliza "nyie mmefanyaje". Ila haitafaa kitu kama hawatajenga vyumba vya majaribio vya mwinuko na kununua ndege yao ya kubebea injini za majaribio. Hivyo vitu havina picha nzuri ya gazeti, vinameza hela nyingi, na bila hivyo miaka ya kungoja foleni za wengine inarudi. Kaveri yenyewe bila ule moto wa ziada wa nyuma inatoa kama kilonyutoni 50, wanaipeleka kwenye droni yao ya mashambulizi ya Ghatak, na naona ni uamuzi wa busara, ipate kazi halisi, iruke, iharibike, itengenezwe, wajifunze.

AMCA yenyewe, ndege ya injini mbili ya tani 25 hivi yenye umbo la kukwepa rada na silaha ndani ya tumbo, iliidhinishwa Machi 2024 kwa rupia bilioni 150 kwa ajili ya ndege tano za mfano, na Mei 2025 wakaruhusu kampuni binafsi kushindana na HAL kuitengeneza. Kuingia jeshini ni katikati ya miaka ya 2030. Wasiiharakishe kwa sababu ya kelele za Uchina, na pia wasiisimamishe kwa sababu wamenunua ndege za Rafale za Ufaransa zaidi, maana kishawishi cha kununua kinakuja kila mara jeshi linapokuwa na upungufu, kila ununuzi mkubwa unakula bajeti ya mradi wa nyumbani, mradi unachelewa, upungufu unaongezeka, wananunua tena. Aprili 2025 wamesaini Rafale 26 za jeshi la maji kwa rupia bilioni 630 hivi, yaani zaidi ya mara nne ya fedha yote ya kuendeleza AMCA. Mimi sisemi zile za meli hazikuhitajika, manowari zao za kubeba ndege zinazihitaji kweli, nasema tu uilinganishe hiyo hesabu.

Helikopta wanafanya vizuri, Prachand imebuniwa kupigana kwenye milima mirefu na Machi 2025 wameagiza 156. Dhruv ndio iliyowatia aibu, Januari 2025 moja ya walinzi wa pwani ilianguka Porbandar ikaua watu watatu, ikaonekana sahani inayogeuza mapanga imevunjika, zaidi ya 300 zikakaa chini miezi kadhaa.

Na Afrika sasa. Vitu vyao tayari vipo jirani zetu, Seychelles na Mauritius wanatumia Dornier 228 zilizotengenezwa na HAL kulinda bahari, na Mauritius wana Dhruv pia. Kwa kazi ya kulinda pwani na kuokoa watu baharini Dornier ni ndege ninayoweza kuipendekeza bila wasiwasi, rahisi, fundi wa kawaida anaimudu. Kwa Dhruv uliza kwanza Ecuador walipata nini, walinunua saba, nne zikaanguka, 2015 wakavunja mkataba, na moja ya malalamiko ilikuwa vipuri. Tejas imetangazwa mpaka Misri na Nigeria lakini mpaka sasa hakuna nchi ya nje iliyoinunua. Na nchi ikitaka kuinunua ijue kwamba injini ni ya Marekani kwa hiyo kibali cha Washington kinahitajika, na kiti cha kujirushia rubani ni cha Martin-Baker wa Uingereza. Argentina waliitamani wakakwama hapo hapo kwenye vifaa vya Kiingereza kwa sababu ya ugomvi wa Falklands, 2024 wakaenda kununua F-16 zilizotumika kutoka Denmark. Kwa hiyo mkuu, hata ukikutana na muuzaji wa HAL akakupa bei nzuri, muulize aandike kwenye mkataba nani anasaini kibali cha injini na vipuri vyake vinatokea kiwanda gani.